Kompresa Iliyodaiwa Kufa

Maji yaliyokuwa yakidondoka kwenye ndoo ya mshonaji yalikuwa ya moto.

Si vuguvugu. Moto wa kumfanya mtu arudishe kidole haraka na kukitia mdomoni. Mshonaji alichutama nyuma ya nyumba, pale mpira mwembamba wa kiyoyozi ulipotokeza ukutani, akaitazama ile ndoo kama anayemtazama mtoto mdogo aliyetamka neno la watu wazima. Maji ya kiyoyozi ni jasho la hewa. Hutoka baridi, tena safi, na yeye aliyakinga kila siku kwa ajili ya pasi yake ya mvuke. Kwa wiki tatu yalikuwa hivyo. Siku hiyo, saa nane mchana, yalitoka kama yameepuliwa jikoni.

Aliingia ndani kuhakikisha. Chumba kilikuwa baridi sawasawa. Kilikuwa chumba cha mbele, alichokigeuza karakana: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu, na pazia ambalo wateja walijaribia nguo nyuma yake. Alishona magauni ya harusi. Kitambaa cheupe na jasho haviivani, kwa hiyo miaka mingi alifanya kazi na taulo shingoni, akinawa mikono kila baada ya mshono, mpaka mdogo wake alipomletea kile kiyoyozi.

Mdogo wake alikuwa fundi wa viyoyozi, na mtaa mzima ulimwita Baridi. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa na miaka minne na dada yake kumi na mitatu. Dada aliacha shule, akajifunza cherehani, akamlea kwa ncha ya sindano. Alikuwa mdogo wake, lakini pia alikuwa mwanawe wa kwanza. Na kwa kuwa hakujaliwa mwingine, alikuwa wa mwisho pia.

Akampigia simu.

"Baridi, maji yanatoka ya moto."

"Maji gani?"

"Ya kiyoyozi chako."

"Hayawezi, dada. Labda mpira umelala juani."

"Nimeungua kidole."

"Basi ungetia majani, nije tunywe chai." Akacheka, kisha akaongeza kwa sauti ya mtu anayependa kuitwa: "Nakuja kesho. Usikiguse."

Alikuja kesho yake adhuhuri, begi la vifaa begani, akapitiliza hadi nyuma ya nyumba ambako boksi la nje lilikaa juu ya vyuma viwili, usawa wa kiuno. Lilikuwa likinguruma taratibu. Akalipigapiga mgongoni kama mtu anayemsifu ng'ombe wake.

"Boksi la ndani nimekununulia jipya. Hili la nje limetumika, lakini limetunzwa kama yai. Kompresa yake bado msichana." Baridi alipenda kueleza kazi yake, na dada yake alipenda kumsikiliza hata pale ambapo hakuelewa. "Humu ndani mna kompresa, chungu cha chuma kilichofungwa kabisa, hakina mfuniko. Gesi inakwenda chumbani, inakunywa joto, inarudi. Kompresa inaikandamiza mpaka inalitapika joto huku nje. Kwa hiyo usidhani joto linakufa, dada. Linahamishwa tu."

Akachutama mbele ya boksi. Mara kompresa ikanyamaza.

Feni iliendelea kuzunguka, lakini ule mngurumo wa chini ulikatika kwa kishindo kidogo, kama mtu aliyekabwa katikati ya neno. Baridi akakunja uso. Akasimama, akarudi nyuma hatua tatu. Kompresa ikawaka. Akasogea. Ikazima.

"Inanijua, hii," alisema, akatabasamu. Dada yake hakutabasamu.

"Ni kinga ya joto," Baridi aliendelea. "Kidude kama kifuniko cha chupa. Kompresa ikichemka, kinakata umeme isiungue. Kimezeeka, kinakata ovyo." Akafungua kifuniko cha pembeni, akang'oa kile kidude na kuunganisha nyaya moja kwa moja. "Haitakata tena."

"Na ikichemka kweli?"

"Haitachemka. Una bibi harusi Jumamosi au huna?"

Aliporudisha mkono, alipiga ukelele. Dada yake aliukamata ule mkono na kuugeuza. Kwenye kifundo palikuwa na alama mbichi za kuungua: nne ndogo upande mmoja, moja upande wa pili.

"Nimegusa bomba la moto," alisema Baridi, akauvuta mkono wake na kuteremsha mkono wa shati.

Dada yake alilitazama lile bomba. Lilikuwa moja, limenyooka, nene kama kidole gumba.

*

Siku mbili baadaye chumba kilianza kunuka. Ilikuwa harufu ya dawa ya kuchua viungo, na chini yake harufu ya shuka za mgonjwa aliyelala muda mrefu. Mshonaji alitoa chujio za boksi la ndani, akaziosha kwa sabuni, akazianika kivulini kama alivyofundishwa. Zilikuwa safi tayari. Alipozirudisha, harufu ilizidi.

Ijumaa, bibi harusi alikuja kujaribu gauni mara ya mwisho, akiwa na shangazi yake, mama mnene mwenye maneno mengi. Namba kwenye kiyoyozi zilisoma kumi na nane, na shangazi alijifunika mtandio mara mbili. Msichana alitoka nyuma ya pazia, akasimama mbele ya kioo, na mshonaji akaona doa linaanza katikati ya mgongo wake na kutambaa.

"We mtoto," shangazi alisema, "mbona unatoka jasho kama umefukuzwa? Bwana harusi mwenyewe hajakugusa."

"Shangazi, nasikia joto."

"Joto gani? Mimi meno yananigongana hapa."

"Nasikia joto," msichana alirudia, na sasa jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye pindo, na mshonaji, aliyepiga magoti akiwa na pini mdomoni, alilihisi tone likimdondokea mkononi, na lilikuwa la moto kama yale maji ya ndooni. Ndipo wote watatu waliposikia pumzi. Ilitoka kwenye mapezi ya kiyoyozi, pale pa kutokea hewa, ikavutwa ndani kwa shida, ikakaa, ikatoka kwa mkoromo, ikavutwa tena, na katikati ya pumzi mbili, sauti kavu ya mtu mzima, dhaifu kiasi kwamba kila mmoja alidhani amesemewa yeye sikioni, ikasema:

"Joto."

Shangazi hakuwa na utani tena. Alimfunika msichana na mtandio wake, wakatoka na gauni likiwa bado na pini.

Mshonaji alibaki amepiga magoti. Alichokuwa akifikiri hakikuwa juu ya bibi harusi. Alikuwa akikumbuka kwamba kila Baridi alipopiga simu kusema yuko njiani, mngurumo nyuma ya nyumba ulipanda, kama mtu aliyesikia hatua za anayemngoja. Kile kitu hakikuharibika. Kilikuwa kinamwita fundi wake.

Kwa hiyo hakumwita Baridi. Alimwita aliyemfundisha kazi.

*

Mzee Geji aliitwa hivyo kwa sababu kwa miaka arobaini hakuonekana bila geji zake za kupimia gesi zikining'inia shingoni. Magoti yalikuwa yamemstaafisha, na sikio moja lilikufa kwa kelele za mashine. Alikuja akitembelea fimbo, akakataa soda, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba.

Hakufungua kitu. Alitoa bisibisi ndefu, akagusisha ncha yake kwenye tumbo la kompresa na mpini wake kwenye sikio zima, akafumba macho. Mafundi wa zamani husikiliza hivyo, kama daktari anavyosikiliza kifua. Mshonaji aliuona uso wa mzee ukipoteza rangi polepole. Mzee akaiondoa bisibisi.

"Hili boksi limetoka wapi, mwanangu?"

"Baridi alilileta."

Mzee alitoa leso, akaitia mate, akasugua vumbi upande wa ndani wa kifuniko. Zikatokea tarehe zilizoandikwa kwa rangi nyeupe, mbili kila mwaka, safu ya miaka tisa.

"Mwandiko wangu," alisema. "Hebu tuketi."

Waliketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Mzee alishusha sauti, na mshonaji akainama kumsikia.

"Lilikuwa la bibi mmoja, mjane, anaishi na binti yake mkunga. Moyo wake ulikuwa mgonjwa. Daktari alimwambia adui yake ni joto. Kila miezi sita nilikwenda kuosha mapezi, kukaza nati, kupima gesi. Na bibi yule hakuwa peke yake. Alikuwa na jini lake, tangu usichana. Hakuficha. Siku ya kwanza aliniambia, fundi, usiweke begi kwenye kile kiti, kina mtu. Nikacheka. Kiti kikasogea. Tangu siku hiyo, nikiingia nilisalimia wawili."

"Ikawaje?"

"Magoti yalipokataa, wateja wangu nilimwachia mdogo wako. Mwezi uliopita nikasikia kompresa ya bibi imekufa. Nilishangaa. Kompresa inayooshwa, iliyo kivulini, haifi hivihivi. Mara nyingi kinachokufa ni kapasita, kidude cha kuisukuma iwake. Ikifa, kompresa inaguna tu haizunguki, na mtu asiyejua ukimwambia imekufa ataamini. Ni kazi ya dakika kumi kuibadilisha. Baridi aliwaambia imekufa. Akaling'oa boksi, akawaambia wasubiri jingine. Walisubiri siku nane. Siku ya nane, saa nane mchana, bibi alifariki."

Mshonaji alihisi ngazi ikizama chini yake. "Aliling'oa aniletee mimi," alisema.

Mzee aliigeuza fimbo yake mikononi. "Kuna jambo nililomgombeza mara mia. Ukitaka kung'oa boksi, unaiacha kompresa ivute gesi yote irudi ndani yake, unafunga mabomba, unazima, ndipo unafungua nati. Hata kapasita iliyochoka huweza kuiamsha kompresa dakika chache, na yeye ana haraka. Anafungua nati ya chumbani kompresa ikiwa bado inavuta. Na ikishaanza kuvuta haichagui. Gesi ikiisha, inavuta hewa ya chumba, na chochote kilichomo. Kisha akafunga." Akaashiria boksi kwa kidevu. "Yule jini alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na kitanda. Akavutwa akafungiwa, na mtu wake akafa asimwone."

"Amekuambia mwenyewe?"

"Hakuniambia lolote. Ameniuliza tu alipo fundi."

Boksi lilinguruma.

"Mzee wangu, nifanye nini?"

"Mwite. Aseme ukweli hapa, mbele ya jini, kwa kinywa chake. Labda itatosha. Sijui. Lakini usipomwita, ipo siku nati italegea yenyewe, na huyu atakwenda kumtafuta bila wewe kuwapo."

Mshonaji aliishika simu muda mrefu. Hakuna mzani wa kupimia jambo kama hilo. Alikuwa anaombwa amwite mtoto aliyemlea aje kwenye mdomo wa kitu kinachomtaka, na alikuwa anajua kwamba ataitika, kwa sababu hakuwahi hata siku moja kuacha kuitika alipoitwa na dada yake.

Akapiga.

*

"Kumbe umeniletea mwalimu wangu," Baridi alisema alipowakuta. "Nimefeli somo gani?"

"Mdogo wangu," dada yake alisema kwa sauti ya chini, "hili boksi umelitoa wapi?"

"Nimenunua kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Dada, mambo ya mafundi, utayajua?"

Mzee Geji alifungua kifuniko, akamwonyesha tarehe. Baridi alizitazama. Mshipa ulimcheza shavuni.

"Ya bibi ilikufa," alisema. "Nikaifufua. Nimetenda kosa gani? Nilikuwa natafuta nyingine ya kumpelekea. Nilitafuta. Mwulizeni yeyote. Nilijua atakufa, mimi? Mimi ni Mungu?"

Pengine hapo palikuwa na ukweli. Mtu huwa hakusudii mwisho wa jambo analolianza. Alikusudia tu dada yake atoe taulo shingoni. Lakini alikuwa ameulizwa neno moja, na neno hilo hakulisema.

"Ilikufa?" Mzee aliuliza. "Niambie mimi niliyekufundisha. Kompresa ilikufa?"

"Ilikufa."

Mzee alikuwa amezima swichi kuu kabla Baridi hajafika, na mshonaji alimwona akiizima. Hata hivyo kompresa iliwaka. Iliwaka bila feni, ngurumo tupu iliyopanda, ikapanda tena, vyuma vikaanza kutetemeka ukutani na plasta kudondoka, na hapakuwa tena na kinga ya kuikata kwa sababu Baridi aliing'oa kwa mkono wake mwenyewe, na rangi ya boksi ikaanza kututumka kama ngozi iliyomwagiwa maji ya moto. "Nalitoa!" Baridi alipaza sauti, "nalitoa sasa hivi, nalitupa!" na akaruka na spana, akafunga bomba la kwanza, na dada yake akapiga kelele na mzee akapiga kelele ngoja, usifungue, ngoja, lakini mikono ya Baridi ilifanya kwa hofu kile ambacho siku zote ilikifanya kwa haraka, ikaishika nati huku kompresa ikizunguka, ikailegeza, na safari hii haikuvuta. Ilipuliza. Pumzi moja, ndefu, ya moto, yenye harufu ya dawa ya kuchua na shuka za mgonjwa, iliyomkumba usoni akiwa amefungua kinywa kupiga ukelele, na mshonaji aliona kifua cha mdogo wake kikijaa, kikazidi kujaa, kikajaa kupita kiasi cha kifua cha mtu, kisha kikatulia.

Boksi likanyamaza. Baridi aliketi chini polepole, mgongo ukutani.

"Dada," alisema. "Mbona hakuna hewa?"

*

Hospitali walimpima, kipimajoto kikasoma kawaida. Walimpima tena kwa kingine. Moyo safi, mapafu safi. Wakamrudisha nyumbani na vidonge vya usingizi.

Dada yake alimlaza kwenye karakana, akasogeza cherehani, akafungua mlango na madirisha, akamfunika taulo zilizotoka kwenye barafu. Zilikauka akizitazama. Midomo ilimpasuka, na ngozi ya viganja ikawa kama karatasi. Alikunywa maji, akaomba maji, na akilala alivuta pumzi kwa shida, ikakaa, ikatoka kwa mkoromo, kama kilivyopumua kile kiyoyozi. Siku ya nne alianza kumwita dada yake kwa jina la mtu mwingine. Siku ya sita hakuweza kuinua kichwa.

"Jini anahesabu," Mzee Geji alimnong'oneza mlangoni. "Anampa alichopewa bibi. Siku nane, basi."

"Msomee dua. Mtoe. Fanya kitu."

"Nimesoma mpaka koo limekauka. Mimi ni fundi, mwanangu, si mganga. Na huyu si wa mtaani, ana kwao. Jini la mama huwa la binti, binti akimtaka. Yule mkunga akimwambia toka, atatoka. Mimi hanisikii."

Siku ya saba asubuhi mshonaji alikwenda. Alimkuta mkunga nyumbani kwake, ametoka zamu, bado na sare, anakunja mataulo kwenye meza. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono mikubwa na macho ya mtu asiyelala. Mshonaji alimwambia yote, akiwa amesimama, bila kupunguza. Mkunga aliendelea kukunja.

"Sijui kama Mzee Geji alikueleza," alisema hatimaye. "Mama alikufa akiniomba nifungue dirisha."

Akalinyoosha taulo kwa kiganja.

"Lilikuwa wazi," mkunga alisema.

Akakunja taulo jingine. Nje mtu alipita akipiga mluzi.

"Kwa nini nije?"

"Kwa sababu ni mdogo wangu."

"Na yule alikuwa mama yangu."

"Najua. Sikuombi umsamehe. Sina uso wa kukuomba hilo. Nakuomba asife tu."

Mkunga alimtazama kwa mara ya kwanza. Hakuna ajuaye alichokiona. Huenda aliona mwanamke aliyezeeka kwa siku saba, mwenye alama za sindano vidoleni. Huenda hakuona kitu.

"Nitakuja kesho," alisema. "Kabla ya saa nane."

*

Alikuja akiwa na sare ileile. Mzee Geji aliinuka kumpisha kiti. Mkunga akakivuta karibu na kitanda, akaketi, akamtazama Baridi usoni kwa muda mrefu. Kisha akazungumza naye kama mtu anayejaza fomu.

"Kwenye kompresa ya mama, kilichoharibika kilikuwa nini?"

Midomo ya Baridi ilitikisika. Dada yake aliinama, na mkunga akamzuia kwa kiganja.

"Kapasita," Baridi alisema.

"Kompresa je?"

"Nzima."

"Hiyo kapasita ungeipata wapi?"

Pumzi iliingia, ikakaa.

"Ilikuwa kwenye begi langu," alisema, na machozi yalimtoka yakakaukia kwenye mashavu. "Nilikuwa nayo begini, dada. Siku hiyohiyo. Nilikuwa nayo."

Hakuwa anamwambia mkunga. Ndilo neno alilokuwa amekubali kufa kuliko dada yake alisikie. Mshonaji alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

Mkunga alitikisa kichwa taratibu. Kisha akageuza macho, akatazama si uso wa Baridi bali kifua chake, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayeongea na jini aliyemzoea tangu utotoni.

"Umesikia," alisema. "Mimi pia nimesikia. Najua umelia, nami nililia, na hatukuliliana. Sasa nisikilize. Usimuue huyu."

Pazia la kujaribia nguo lilitikisika, na hapakuwa na upepo.

"Mimi sikuhitaji, nina kazi yangu ya usiku na mchana. Miaka sitini ulikaa na mama, hukumwacha hata siku moja, alipolala ulikuwapo, alipokula ulikuwapo." Akamwekea Baridi kiganja kifuani. "Kaa na huyu vivyo hivyo."

"Mama," Mzee Geji alisema, "tafadhali, usim—"

"Nimeombwa asife," mkunga alisema akiinuka. "Hatakufa. Atazeeka."

Akamwitikia mshonaji kwa kichwa, kama wanavyoagana watu waliomaliza shughuli, akatoka.

Saa nane ilipita. Saa tisa kasorobo, jasho la kwanza, jasho la kawaida la mtu mzima wa afya, lilimtoka Baridi kwenye paji la uso. Aliketi. Alikunywa jagi zima. Dada yake alimkumbatia, akacheka, akalia, akamwita kwa majina aliyomwita alipokuwa akimbeba mgongoni, na ilipita muda kabla hajahisi, juu ya bega la mdogo wake, pumzi nyingine ikimgusa shavuni.

*

Baridi alirudi kazini mwezi uliofuata. Leo hakuna fundi anayeaminiwa kama yeye. Hafungui nati kabla ya kuzima. Hang'oi kinga ya joto. Akiambiwa kompresa imekufa, huanza na kapasita. Huosha mapezi mpaka maji yatoke meupe, na akiingia chumba chochote husalimia kwanza, hata kama hakina mtu. Wateja huona ni adabu. Hata hivyo chumba akishakipooza yeye hakai. Hutoka nje akiwa ameloa, na dada yake humshonea mashati ya pamba nyepesi kuliko zote, naye hubadili matatu kwa siku.

Mshonaji hajui kama mkunga alimtendea wema au ukatili. Kila anapojaribu kumchukia, hulikumbuka dirisha lililokuwa wazi, na chuki hukosa pa kushika.

Juzi alimpelekea chakula kazini, nyumba ya ghorofa yenye boksi la nje juu kabisa ya ukuta. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo laini. Alimkuta Baridi akipanda ngazi ya chuma, na miguu ya ngazi ikazama kidogo, kama inavyozama chini ya mtu yeyote. Alifika juu. Akasimama, akashika chuma cha boksi, miguu yote miwili imetulia.

Mshonaji akafungua kinywa amwite. Ndipo miguu ya ngazi ilipozama tena. Kidato cha chini kikalia. Kikalia cha pili, kisha cha tatu, kimoja baada ya kingine, bila haraka, mpaka juu. Na huko juu mdogo wake, bila kugeuka, akasogea pembeni kumpisha.